Albamu Iliyofungiwa Kabatini: Kundi la Blaque na Haki ya Kampuni ya Kutotoa

Kila inapotajwa albamu ya R&B iliyorekodiwa hadi mwisho kisha ikazuiwa na kampuni, hakosekani mtu wa kutoa hoja ile ile: kwamba ingekuwa nzuri, ingetoka. Hoja hiyo ina sura ya busara. Kampuni ya kurekodi ni ya biashara, imeshalipa studio, maprodyuza na wapiga picha, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu anayefungia kabatini bidhaa ambayo angeweza kuiuza. Kwa hiyo, wanasema, albamu isiyotoka imejihukumu yenyewe, na waimbaji wanaolalamika miaka ishirini baadaye wanalilia kitu ambacho soko lilikwisha kukikataa. Naandika kwa sababu naamini hoja hiyo imekosea mahali pa msingi. Inachukulia kuwa uamuzi wa kutotoa albamu ni hukumu juu ya nyimbo, wakati mara nyingi ni hukumu juu ya mambo mengine kabisa, na gharama yake kubwa humwangukia mtu ambaye hakuwamo chumbani uamuzi ulipofanywa.

Mfano wangu ni kundi la Blaque la Atlanta. Wasomaji waliokuwa wakisikiliza redio mwishoni mwa miaka ya 1990 hawahitaji kuelezwa mengi. Wasichana watatu, Natina Reed, Shamari Fears na Brandi Williams, waliingizwa kwenye biashara na Lisa Lopes wa kundi la TLC, wakatoa albamu yao ya kwanza mwaka 1999 kupitia Track Masters, kitengo kilichokuwa chini ya kampuni ya kurekodi ya Columbia. Wimbo wa "808", uliopewa jina la mashine ya ngoma ya Roland TR-808, ambayo mshindo wake mzito wa besi umebeba muziki mwingi wa kusini mwa Marekani, ulifika nafasi ya 8 kwenye chati ya Hot 100 ya Billboard. "Bring It All to Me" ukapanda hadi nafasi ya 5. Albamu ikafikia kiwango cha platinamu, yaani nakala milioni moja zilizopelekwa madukani Marekani, na mwaka 2000 wote watatu wakaonekana katika filamu ya Bring It On. Ni mwanzo ambao makundi mengi hayaupati hata mara moja.

Albamu ya pili, Blaque Out, ilikamilika. Singo yake ya kutangulia, "Can't Get It Back", ilitoka na haikufua dafu kwenye chati za Marekani, na baada ya hapo albamu haikutolewa nchini humo kama ilivyokuwa imepangwa. Ilipatikana kwa njia ya kidijitali miaka kadhaa baadaye, bila kampeni, wakati ambapo kundi lilikuwa limekwisha kuondoka kwenye kampuni hiyo na maduka ya kanda na diski yaliyokuwa yakitegemewa mwaka 2001 yameanza kufungwa.

Kampuni ina la kusema, nalo linastahili kusikilizwa. Fedha za kurekodi, zikishatumika, haziwezi kuwa sababu ya kutumia nyingine. Kilichobaki wakati albamu imekamilika ndicho kilichokuwa ghali zaidi miaka ile: video, wakala wa kuisukuma kwenye redio, nafasi ya mbele dukani, safari za waimbaji kutoka kituo hadi kituo. Singo ya kwanza ndiyo kipimo, na kipimo kikisoma vibaya, kusimama hapo hapo ni jambo la kawaida katika biashara yoyote. Tena wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Napster, huduma ya mtandaoni ya kubadilishana nyimbo bure, ilianza katikati ya mwaka 1999, na mauzo ya muziki uliorekodiwa nchini Marekani, yaliyokuwa dola bilioni 14.6 mwaka huo, yalikuwa yameshuka chini ya bilioni 12 kufikia mwaka 2003. Na Columbia hiyo hiyo ilikuwa na Destiny's Child, ambao albamu yao ya Survivor iliuza nakala 663,000 katika wiki yake ya kwanza mwezi Mei 2001. Mtu anayejua jinsi bajeti za matangazo zinavyogawanywa hahitaji nyaraka za siri ili kuelewa kwamba kundi la pili la wasichana wa R&B ndani ya nyumba moja, lenye singo iliyokwama, lingekuwa la mwisho kwenye foleni.

Lakini tuitazame hoja hiyo kwa makini. Hakuna ndani yake neno hata moja kuhusu muziki. Inazungumzia redio, bajeti, Napster na foleni. Anayesema kwamba ingekuwa nzuri ingetoka hajaitetea kampuni, kwa sababu kampuni yenyewe haidai hivyo.

Na kuna ushahidi wa wazi zaidi, ambao kwangu ndio kiini cha mkasa huu. Mwaka 2003, kundi la Uingereza la Mis-Teeq, nalo la wasichana watatu, Alesha Dixon, Su-Elise Nash na Sabrina Washington, liliurekodi upya "Can't Get It Back" na kuutoa kama singo. Ulifika nafasi ya 8 kwenye chati ya Uingereza. Wimbo ule ule, ambao kushindwa kwake upande mmoja wa bahari kulihesabiwa kuwa kipimo cha albamu nzima, uliingia katika kumi bora upande wa pili muda mfupi tu baadaye, ukiimbwa na kundi lenye muundo unaofanana karibu katika kila kitu: watatu, wasichana weusi, sauti mbili za kuimba na moja ya kurap.

Najua majibu yanayotolewa. Soko la Uingereza si soko la Marekani, na kundi lililozaliwa kwenye muziki wa gareji wa London lina masikio yake ya nyumbani. Mis-Teeq walikuwa juu wakati huo, wakiwa wametoka tu kufika nafasi ya 2 na "Scandalous", kwa hiyo singo iliyofuata ingepokewa vizuri hata kama ingekuwa ya wastani. Na singo yao ilichezewa upya mdundo ili ifae vituo vya nchi yao. Nayakubali yote matatu. Ila kila moja la majibu hayo, likichunguzwa, linarudi kwenye nilichokwisha kusema: kwamba kilichoamua ni wakati, mahali, mdundo wa juu juu na nguvu ya kampeni iliyotangulia. Mahadhi ya wimbo, maneno yake, ule mpando wa kiitikio unaomfanya msikilizaji aurudie kabla haujaisha, havikubadilika. Kama wimbo ungekuwa ndio wenye kasoro, kasoro hiyo ingevuka bahari pamoja nao.

Kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, si nafasi ya 8. Ni jinsi haki zilivyogawanywa hata jambo hilo likawezekana. Wimbo una mali mbili ndani yake. Ipo tungo, ambayo ni ya watunzi na wachapishaji wao, na ipo rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku fulani studioni, ambayo kwa mikataba ya kawaida ni ya kampuni. Singo ya Blaque ilipokwama, tungo haikukwama. Watunzi walikuwa huru kuipeleka kwingine, na sheria ya Marekani inamruhusu mtu yeyote kurekodi upya wimbo ambao rekodi yake imekwisha kusambazwa kwa umma nchini humo, ilimradi alipe kiwango kilichowekwa. Watunzi wakapata nafasi ya pili, Mis-Teeq wakapata singo, na wasikilizaji wa Uingereza wakapata wimbo. Waliokosa ni wale watatu walioupa wimbo huo sauti yake ya kwanza. Zaidi ya hapo, mikataba ya kurekodi kwa kawaida humkataza mwimbaji kurekodi upya nyimbo alizoikabidhi kampuni kwa miaka kadhaa, mara nyingi mitano tangu kukabidhi au miwili tangu mkataba kuisha. Tukiuchukua utaratibu huo kama ulivyo, tunafika mahali pa ajabu: katika dunia nzima, watu pekee wanaozuiwa kuupeleka wimbo kwa msikilizaji ni wale waliokuwa wa kwanza kuuimba.

Nikitazama mkasa huu kutoka pembe hiyo, swali la kama Columbia ilikuwa sahihi kutoitoa Blaque Out linapungua uzito. Huenda ilikuwa sahihi. Swali zito ni hili: kampuni ikishaamua kwamba haitautumia muziki fulani, inapata wapi haki ya kuendelea kuushikilia?

Kitengo kile kile kinatoa mfano wa pili, na unasaidia kutenganisha mambo mawili ambayo mjadala huyachanganya. Track Masters na Columbia walikuwa pia na rapa 50 Cent, ambaye albamu yake ya Power of the Dollar ilipangwa kutoka mwaka 2000. Alipigwa risasi mwezi Mei mwaka huo, na albamu ikazuiwa, na yeye akaachwa. Mwaka 2003 albamu yake ya Get Rich or Die Tryin', iliyotolewa na kampuni nyingine, iliuza nakala 872,000 katika siku zake za kwanza sokoni. Wengi huutumia mfano huu kuionyesha Columbia kuwa haikuwa na masikio. Mimi nauona tofauti. Kampuni kukosea kumpima msanii ni jambo la kawaida na haliepukiki. Kilichomwokoa 50 Cent ni kwamba aliachwa mapema, akiwa na umri mdogo, na sanaa yake ni ya mtu mmoja: alihitaji mdundo wa kukopa, kinasa sauti na ghadhabu yake ili kujaza mitaa ya New York na kanda za mchanganyiko, bila kumwomba mtu ruhusa. Kundi la sauti halina njia hiyo.

Kwani kundi la sauti ni nini hasa? Ni watu watatu au wanne ambao sauti zao zimezoeana. Ukisikiliza albamu ya kwanza ya Blaque kwa makini, unaona namna kazi ilivyogawanywa: Shamari akibeba ubeti, Brandi akiingia juu yake kwa sauti nyembamba inayolainisha kingo, na Natina akiukata wimbo katikati kwa kurap kwa sauti ya chini, kavu, kana kwamba ameingia kutoka chumba kingine. Mpangilio huo haununuliwi dukani. Unajengwa kwa mazoezi ya miaka, na unashikiliwa pamoja na kazi. Kazi ikisimama kwa miaka miwili, kila mmoja ana kodi ya nyumba ya kulipa na maisha ya kuendesha, na kundi linaanza kulegea hata kama hakuna aliyegombana na mwenzake. Kampuni inayoahirisha albamu ya mwimbaji mmoja inamchelewesha. Ikiahirisha albamu ya kundi, inaweza kulivunja, hata kama hakuna mtu katika kampuni hiyo aliyekusudia hivyo.

Blaque hawakuvunjika mara moja. Walikwenda Elektra, kampuni iliyokuwa chini ya Warner Music, na kurekodi albamu nyingine, Torch. Wimbo wao wa "I'm Good" ulitumika katika filamu ya Honey mwaka 2003, na ilionekana kwamba mlango umefunguka tena. Wakati huo huo Time Warner ilikuwa ikiiuza Warner Music kwa wawekezaji walioongozwa na Edgar Bronfman, kwa dola bilioni 2.6. Mauzo yalikamilika mapema mwaka 2004, wafanyakazi wapatao elfu moja walipunguzwa, na Elektra ikaunganishwa na Atlantic. Torch haikutoka. Sidhani kwamba yupo anayeweza kudai kwa uso mkavu kwamba albamu hiyo ilipimwa na masikio. Kampuni iliyokuwa na sababu ya kuitoa ilikoma kuwepo kama ilivyokuwa, na waliorithi faili zake walikuwa na wasanii wao wa kuwahangaikia. Kwa hiyo kundi moja lilizuiliwa albamu mbili mfululizo, kwa sababu mbili zisizohusiana, na mtu wa nje anayetazama orodha ya kazi zao anaona albamu moja iliyofaulu kisha kimya, na anahitimisha kwamba waliishiwa.

Inafaa kukumbuka kwamba hata pale ambapo uamuzi ulikuwa kweli wa masikio, masikio hayo hayakuwa ya kuaminika sana. Kampuni ya Motown ya Berry Gordy ilikuwa na kikao cha kupima ubora ambacho kinasifiwa hadi leo, na kwa sehemu kubwa sifa hizo ni za haki. Lakini ni kikao hicho kilichozuia rekodi ya Marvin Gaye ya "I Heard It Through the Grapevine" ya mwaka 1967, na kabla yake ile ya Smokey Robinson na The Miracles. Gladys Knight & the Pips wakaupata wimbo huo na kuufikisha nafasi ya 2. Rekodi ya Gaye ilipofika hewani mwaka uliofuata kwa sababu watangazaji wa redio waliichomoa wenyewe kutoka ndani ya albamu, ilikaa nafasi ya kwanza kwa wiki saba. Na albamu ya Supremes ya mwaka 1965, There's a Place for Us, ilisubiri hadi 2004. Motown ilikuwa na kiburi cha kusema kwamba inahukumu nyimbo, na bado ilikosea. Kampuni za mwaka 2001 hazikuwa na muda hata wa kukosea kwa namna hiyo.

Turudi kwenye fedha, kwa kuwa hapa ndipo hisia za watu wengi huwa upande wa kampuni. Husemwa kwamba kampuni ndiyo iliyotoa fedha, kwa hiyo ni mali yake na inaweza kuifanyia itakavyo. Ukweli ni kwamba fedha za kurekodi hutolewa kama malipo ya awali, na kampuni huzirudisha kutoka kwenye mrabaha wa waimbaji, si kutoka kwenye sehemu yake. Mfano ulio karibu na sisi ni wa mvuvi aliyekopeshwa fedha za kuchonga dau: analipa deni lote kwa samaki wake mwenyewe, na deni likiisha dau linabaki kuwa la mkopeshaji. Hilo peke yake ni gumu, ingawa wavuvi wengi wangelikubali kwa kukosa njia nyingine. Albamu inapozuiwa, mkopeshaji ameongeza sharti jingine: dau halitashushwa majini, na deni liko pale pale. Kwa kuwa mikataba mingi huunganisha hesabu za albamu zote, gharama za albamu isiyotoka zinaweza kukatwa kwenye mrabaha wa ile iliyotoka na kuuza. Mwimbaji anaweza kuwa analipia kwa wimbo wake maarufu albamu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuinunua.

Mtu anayedhani natia chumvi akumbuke TLC, ambao Lisa Lopes alikuwa mmoja wao, na ambao waliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwaka 1995 wakati albamu yao ya CrazySexyCool ikiuzwa kwa mamilioni. Lopes mwenyewe alijua kabati hilo kutoka ndani. Albamu yake binafsi, Supernova, ilitolewa katika nchi nyingine mwezi Agosti 2001, lakini ikazuiwa Marekani baada ya singo yake kutofanya vizuri. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Honduras tarehe 25 Aprili 2002. Aliyewafungulia Blaque mlango na Blaque wenyewe walikutwa na jambo lile lile katika kipindi kile kile, na sidhani kuwa ni bahati mbaya. Ilikuwa ndiyo namna biashara ilivyoendeshwa ilipoanza kuogopa.

Nimesema kwamba kampuni ina hoja, na iliyo nzito kuliko zote inatoka katika hadithi hii hii. Telstar, kampuni ya Uingereza iliyothubutu kuwapa Mis-Teeq singo baada ya singo, ilianguka kifedha mwaka 2004, na kundi likavunjika mwaka uliofuata. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba Columbia ilikuwa na woga na Telstar ilikuwa na ujasiri, na kuachia hapo. Mwenye ujasiri alifilisika, na mwenye woga bado yupo. Kampuni ikilazimishwa kutoa kila ilichorekodi, itaacha kurekodi wasanii ambao haina hakika nao, na wa kwanza kuachwa watakuwa makundi mapya yasiyo na jina. Hatari hiyo ni ya kweli, na wanaharakati wa haki za wasanii huipita haraka mno. Vilevile ni kweli kwamba kampuni hutoa malipo ya awali makubwa kwa sababu inanunua hiari, yaani uhuru wa kuamua baadaye. Ukipunguza hiari hiyo, malipo nayo yatapungua.

Ndiyo maana sitetei wajibu wa kutoa. Sheria inayoilazimisha kampuni kusambaza albamu isiyoiamini itaishia katika nakala mia chache zilizotupwa sokoni bila tangazo ili kutimiza maandishi ya mkataba, na hilo ni baya kuliko kuzuia, kwa kuwa linamnyima mwimbaji hata kisingizio. Ninachotetea ni kurudisha. Kampuni iwe na muda wa kutosha, mwaka au miaka miwili tangu kukabidhiwa, wa kuamua. Ikiamua kutotoa, rekodi zirudi kwa waliozirekodi, na gharama za studio zibaki kama deni litakalolipwa kwa sehemu ya mapato ikiwa rekodi hizo zitatoka kwingine. Kwa mpango huo Columbia isingepoteza hata senti ambayo haikuwa imekwisha kuipoteza, na huenda ingepata kitu kutoka katika albamu ambayo kwake ilikuwa sifuri. Mikataba mingi ya Marekani ina kifungu kinachomruhusu mwimbaji kuondoka endapo albamu haitatolewa ndani ya muda fulani baada ya taarifa, lakini anaondoka mikono mitupu, rekodi hubaki. Ni haki ya kutoka nje ya nyumba bila kuchukua mizigo yako.

Wazo hili si geni wala si la watu wa ndoto. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011, yaliyorefusha ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, yalimpa mwimbaji haki ya kuvunja mkataba ikiwa baada ya miaka 50 mwenye rekodi haiuzi wala haiweki mahali inapoweza kusikika. Yale ya mwaka 2019 yakaenda mbali zaidi: kifungu cha 22 kinawaruhusu watunzi na waimbaji kufuta uhamisho wa haki zao kazi isipotumika ndani ya muda unaofaa. Kampuni za Ulaya hazijafungwa kwa sababu hiyo. Marekani imekwenda njia nyingine. California ina kanuni yake ya miaka saba kwa mikataba ya kazi, lakini mwaka 1987 kampuni za kurekodi zilipata marekebisho yanayoziruhusu kudai fidia kwa albamu ambazo mwimbaji hakuzikabidhi. Mwimbaji anaweza kudaiwa kwa albamu ambayo hakuirekodi, na hana dai lolote la namna hiyo kwa albamu aliyoirekodi na ikafungiwa.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi dawa iko mkononi: rekodi upya. JoJo, aliyezuiwa kwa miaka mingi na kampuni yake ya kwanza, alirekodi upya albamu zake mbili za mwanzo mwaka 2018, na wasikilizaji walimfuata. Namheshimu kwa hilo. Lakini dawa hiyo ni ya mwimbaji mmoja aliye hai. Natina Reed aligongwa na gari karibu na Atlanta tarehe 26 Oktoba 2012, akafariki akiwa na umri wa miaka 32. Hakuna studio inayoweza kuirekodi upya Blaque Out. Sauti zile tatu kwa pamoja zipo tu katika rekodi zilizofanywa wakati ule, na rekodi hizo si za waliobaki.

Imebaki njia moja katika sheria ya Marekani, nayo inaonyesha jinsi mizani ilivyolala. Kifungu cha 203 cha sheria ya hakimiliki kinamruhusu mwenye kazi kuirudisha baada ya miaka 35. Lakini kama uhamisho ulihusu haki ya kuchapisha, hesabu huanzia siku kazi ilipochapishwa, au miaka 40 tangu mkataba kusainiwa, lolote litakalotangulia. Tuchukulie mkataba uliosainiwa mwaka 1998. Albamu iliyotoka 1999 inaweza kudaiwa kuanzia 2034. Iliyofungiwa kabatini inasubiri hadi 2038. Aliyezuia anaongezewa miaka minne na sheria ile ile iliyotungwa ili kumlinda aliyezuiwa. Na hata hapo kampuni zitasema kwamba rekodi zilikuwa kazi ya kuajiriwa, yaani mali ya kampuni tangu mwanzo, ambayo hairudishwi. Bunge la Marekani liliingiza kauli hiyo kwenye sheria mwaka 1999 na kuiondoa mwaka 2000 baada ya wasanii kupiga kelele, lakini mikataba imeendelea kuiandika.

Kwa kazi ya pamoja, sheria hiyo inataka wengi wa waliosaini wakubaliane, na katika kundi la watatu wengi ni wawili. Nafasi ya aliyefariki hushikwa na warithi wake. Sony Music, inayomiliki Columbia, haihitaji kusubiri hesabu hiyo itimie. Inaweza kuandika barua ya kurudisha rekodi hizo leo, ikabakiza sehemu ya mapato kufidia gharama za studio za mwaka 2001, na isiathirike popote katika vitabu vyake.